Gari Letu Kabla ya Kuvuka Bahari



Tangu habari ya safari yetu ijulikane, tunaulizwa maswali mawili kila mahali: sokoni, kwenye bomba la maji, hata mlangoni mwa masomo. La kwanza ni hili: "Ni kweli munaenda Kanada?" Ndiyo, ni kweli. Karatasi zimetoka, na Mungu akipenda tutaondoka mwezi wa nane. La pili linakuja kwa sauti ya chini kidogo: "Na gari, mutamuachia nani?"

Swali hilo la pili lilitusumbua kuliko masanduku na viza. Tulidhani ni jambo la siku moja. Lilichukua miezi mitatu, na karibu livunje amani ya jamaa. Katika chama chetu wako wamama wengine wanaongoja karatasi kama sisi. Wengine wana kaka au mtoto aliye mbioni kuondoka, anayetaka kuwaachia gari, nyumba au pikipiki. Ndiyo sababu tumeona vizuri kuwaeleza tulipopita, pamoja na makosa yetu.

Mukeke

Gari lenyewe mnalijua. Ni Toyota Probox ya mwaka 2004, rangi ya fedha, na kwa sababu ya rangi hiyo watoto waliliita Mukeke, kama samaki. Tulilinunua mwaka 2017 kwa dola 4,500. Sehemu ya makuta ilitoka kwenye likelemba ya walimu, sehemu kwenye mshahara wa baba wa watoto, na sehemu tulikopa kwenye muso, tukailipa kwa miaka miwili.

Kama magari mengi ya kwetu, lilitoka Japani kupitia Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume. Lakini sisi Wakongomani tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo shofere anakaa upande wa mtaro, na akitaka kupita kamio iliyo mbele yake haoni kitu. Lazima anayekaa kushoto amwambie. Kwetu kiti hicho kilikuwa cha mama mkwe, ambaye watoto wanamwita koko. Maisha yake yote hajashika usukani, lakini kwa miaka saba yeye ndiye aliyetuendesha: "Pita! Bado, bado! Kuna kamio!"

Barabara moja

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, baada ya majuma mengi ya kubishana, tulikubaliana jambo moja tu: tutembee na gari njia yake yote, kutoka Kavimvira mpaka Makobola, tuangalie kwa macho yetu linatufanyia kazi gani. Tuliweka esansi, tukapandisha watoto nyuma, koko akakaa kushoto.

Tulianzia Kavimvira, mpakani. Wamama walikuwa wanavuka na mabeseni kichwani, wengine wakitoka Gatumba, wengine wakienda. Bujumbura haiko mbali, ni kama kilometa 30 hivi, na huko ndiko alikokuwa mnunuzi wetu wa kwanza, mfanyabiashara wa magari. Alitupa bei ya dola 3,200, makuta mkononi. Mmoja wetu alitaka tumalize siku hiyo hiyo. Mwenziwe akasema: "Tufike kwanza Makobola."

Kutoka Kavimvira tulirudi mjini. Mnajua jinsi mji wetu ulivyo: milima ya Mitumba upande mmoja, ziwa upande wa pili, na sisi katikati kama kitambaa kirefu kilichoanikwa. Barabara kubwa ni moja, inakwenda kaskazini na kusini. Mito inashuka kutoka milimani na kuikata: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Mto mmoja ukikasirika, mji unakatika.

Kwenye daraja la Mulongwe hatukuongea. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani, mto ukatoka njia yake, ukabeba nyumba na watu. Usiku ule Mukeke alifanya safari nne kutoka kwetu mpaka kwenye mwinuko, kila mara na watoto saba au nane, wengi si wetu. Asubuhi tulipotaka kwenda ng'ambo kutafuta jamaa, daraja lilikuwa limeharibika. Gari likabaki upande mmoja, sisi tukaenda kwa miguu. Siku hiyo tuliona nguvu ya gari, na tuliona pia mahali nguvu yake inapoishia.

Kalundu tulikuta maji. Mwaka ule wa 2024 ziwa lilipanda sana. Liliingia bandarini na katika nyumba za watu walio chini. Nyumba ya koko iko juu kidogo, lakini kutoka mlangoni kwake ulisikia mawimbi usiku. Wavuvi walikuwa wamefunga mitumbwi mahali palipokuwa njia ya miguu. Watoto waliona jambo la kuchekesha, koko hakucheka.

Kwa wanafunzi wetu tunapenda kusema kwamba hapa ziwa ndilo lililokuwa barabara ya kwanza. Mwaka 1858, Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi, wakitafuta kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Wenyeji waliwaambia inaingia. Wenyeji hawakuhitaji gari kujua hivyo. Mpaka leo mzigo unaotoka Kigoma au Kalemie unakuja Kalundu kwa maji. Gari ni mgeni wa juzi tu kwetu, lakini mgeni huyo tumemzoea upesi, na tunagombana kwa ajili yake kama mtu wa jamaa.

Baada ya Kalundu mlima unasogea mpaka karibu na maji, na barabara inabaki nyembamba. Tulipita Kigongo polepole kwa sababu ya mashimo. Mbele yetu kulikuwa na kamio ya mihogo. "Bado," alisema koko. "Bado. Pita sasa!" Tukapita.

Neno la koko

Makobola ni mahali ambapo watu wetu wengi waliuawa mwishoni mwa mwaka 1998, na kila tukifika huko tunashuka kwa kimya kidogo. Tulinunua ndagala na ugali kwa mama mmoja, tukakaa chini ya mwembe. Hapo ndipo tulipoanza tena ubishi wetu.

Mdogo wa baba wa watoto alikuwa anataka gari. Alisema atalifanya taksi kati ya Kavimvira na Kalundu, na kila juma atatutumia makuta Kanada. Kwetu, kitu cha mkubwa kinamfikia mdogo. Si aibu kuomba. Mmoja wetu aliona ni haki yake. Mwenziwe alipiga hesabu: pine, oli, asiransi, fundi, vizuizi vya barabarani. Gari la miaka 20 likifanya taksi kwenye mashimo haya, baada ya miezi mitatu nani atalitengeneza? Na akishindwa kutuma makuta, tutamdai kwa simu kutoka ng'ambo kila Jumapili?

Koko alikuwa anachambua ndagala. Akasema, bila kuinua kichwa: "Munauliza gari litaenda kwa nani. Hamuniulizi mimi nitaenda na nani. Gari halijanipeleka hospitali hata siku moja. Ni nyinyi mulinipeleka. Usiku presha ikipanda, nitamuita nani?"

Hatukuwa na jibu. Kwa miezi miwili tulikuwa tumezungumza bei, wanunuzi, na haki ya mdogo, na hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo.

Daftari

Usiku huo tulifanya kama tunavyofanya na wanafunzi: tulichukua daftari, tukapiga mstari katikati. Kushoto tuliandika kila kazi ambayo gari lilifanya katika mwezi mmoja. Kumpeleka koko kupimwa presha. Kubeba vidumu vya maji bomba likikatika. Kuleta unga kutoka bondeni, upande wa Kiliba na Sange. Kwenda kwenye misiba. Kumpeleka mama mjamzito usiku, mara mbili mwaka huu. Kuume tukaandika jina la mtu atakayefanya kazi hiyo sisi tukiisha kuondoka.

Kuna mistari iliyojazwa upesi. Unga unaweza kuletwa na muuzaji. Maji yana kijana wa toroli. Kwa koko tuliandika jina la wifi yetu, ambaye anaishi karibu naye, na jina la motari mmoja mtulivu ambaye jamaa inamjua tangu utoto wake. Lakini jina bila makuta halitoshi. Tukaamua: gari lolote litakavyouzwa, dola 500 za kwanza zitabaki kwenye muso, kwa jina la wifi, kwa ajili ya safari za koko za hospitali na dawa zake. Hazitaguswa kwa kitu kingine.

Baada ya kuandika hivyo, mioyo yetu ilitulia. Tuliona kwamba tulichoogopa kupoteza hakikuwa Toyota. Kilikuwa ile kazi. Kazi ikiisha kupata mwenyewe, gari linakuwa chuma, na chuma kinaweza kuuzwa.

Njia tulizoziacha

Njia ya kwanza tuliyoiacha ni ya kusafiri nalo. Wengine walituambia Kanada inapokea gari la zamani. Ni kweli kwamba kule gari lenye miaka 15 na zaidi halidaiwi kanuni zote zinazodaiwa kwa magari mapya. Lakini lazima lifike likiwa safi kabisa, bila hata udongo chini yake, na kabla ya hapo lazima livuke nchi mpaka Dar es Salaam na kupandishwa meli. Kwa hesabu yetu, njia ingekula makuta kuliko bei ya gari lenyewe.

Ya pili ni kuliacha kwa mtu na karatasi ya kumruhusu kulitumia tu, huku jina likibaki letu. Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo inayoleta machozi. Jamaa moja tunayoijua walifanya hivyo. Gari liligonga motari, aliyekuwa analiendesha akakimbia. Waliokuja kuulizwa ni wazee waliobaki nyumbani, kwa sababu jina kwenye karte roze lilikuwa la mtoto wao aliye Ulaya. Asiransi ilikuwa imekwisha muda bila mtu kujua, na asiransi ya gari ni ya lazima katika nchi yetu tangu sheria ya mwaka 1973. Wazee waliuza shamba. Mtu akiwa mbali, jina lake bado liko hapa.

Ya tatu ni yule mfanyabiashara wa Bujumbura. Bei yake ilikuwa nzuri, lakini kila tulipomuuliza nani atalipa duane ya ng'ambo na nani atafuta jina letu kwenye vitabu vya huku, alijibu: "Hiyo si shida." Wamama, mtu akikuambia karatasi si shida, ujue shida itabaki kwako.

Tuliyempa

Tulimuuzia mama mmoja wa kartye yetu, anayefanya biashara ya ndagala na mawese. Tangu miaka mingi anakodi gari la wengine, na faida yake inaliwa na kodi. Alikuwa na dola 1,800, akaomba 1,000 zilizobaki atupatie kwa miezi mitano. Tulimpenda, lakini tulikataa kuondoka na deni nyuma yetu, kwa sababu deni la mbali linaharibu urafiki pande zote mbili. Wamama wa muso walikaa, wakamkopesha zile 1,000. Sasa deni liko kati yake na muso, kwa kanuni za muso, na sisi tulipata zote 2,800 mara moja. Tulipoteza dola 400 kuliko bei ya Bujumbura. Hatujutii.

Karatasi zilituchukua majuma matano. Katika biro moja walituambia namba ya shasi kwenye karatasi ya zamani ya duane ina kosa la herufi moja, turudi. Tulirudi mara tatu. Kwa hiyo shauri letu ni hili: anza mapema, miezi mitatu kabla, wala si juma la mwisho. Toa karte roze, karatasi za duane, za kodi na za asiransi, ziangalie kama herufi zinafanana zote. Andika mkataba wa mauzo mbele ya notere, weka ndani namba ya shasi, bei, siku na saa ya kukabidhi funguo. Fuata mwenyewe mpaka jina libadilishwe. Usimuachie mnunuzi kazi hiyo kwa sababu eti ni yeye anayelitaka gari. Chukua kopi ya kila karatasi, na kopi nyingine umuachie mtu mwaminifu hapa.

Na jambo moja kwa wamama walioolewa. Mkataba wetu una sinyature mbili, ya mume na ya mke. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimdai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake ili afanye tendo la kisheria. Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana. Neno ni kupatana, na linakwenda pande mbili. Kama makuta ya likelemba yako yamo ndani ya gari, usikubali kusikia kwa majirani kwamba limeuzwa. Na wewe usiliuze baba akiwa safarini.

Kilichobaki

Dola 500 ziko kwenye muso kwa ajili ya koko. Dola 300 tulimpa mdogo wetu, aanze kununua vyombo vya kazi yake ya uchomeleaji, ambayo aliisoma na kuiacha. Dola 100 zilikwenda kwenye karatasi. 1,900 zinaongezwa kwenye bei ya ndege na nguo za baridi.

Tungependa kuwaambia kwamba wote walifurahi. Si kweli. Mdogo wetu alipokea zile dola 300 kwa mikono miwili, akashukuru, na tangu siku hiyo hajaja kutusalimu. Baba wa watoto amekwenda kwake mara mbili. Tutakwenda tena kabla ya mwezi wa nane, wote pamoja na watoto. Kosa letu ni kwamba tulimwacha atumaini kwa miezi miwili, kwa sababu tuliogopa kumwambia hapana. Kama tungemwambia mapema, maumivu yangekuwa madogo. Ninyi msifanye hivyo.

Siku ya kukabidhi funguo, mama mnunuzi alikuja na shofere wake. Alisema, mbele ya koko: "Mama, ukiumwa usiku, unipigie simu. Gari ni lako pia." Hatukuliandika neno hilo kwenye mkataba, wala hatulitegemei. Wifi na motari wapo, na makuta yapo. Lakini tulilisikia, na koko alilisikia.

Kisha mama yule akamwomba koko apande kushoto, watembee mpaka Kavimvira na kurudi, shofere alizoee gari. Sisi tulibaki mlangoni na watoto. Kabla hawajafika kona tulisikia sauti ya koko kutoka dirishani, akimwambia shofere mgeni: "Bado, mwanangu. Bado. Pita sasa."

Tunawaomba mtuombee safari njema, na mumtazamie koko. Mlango wake mnaujua.